Usingizi wa Felista

Tulipomwosha Felista, mimi ndiye niliyeshika mkono wake wa kushoto. Tulikuwa wanawake peke yetu chumbani, mlango umezibwa kwa kanga, na huko nje wanaume wanabishana juu ya turubai na viti kama wanavyobishana penye kila msiba. Mkwewe, Edina, alikuwa anamimina maji kwa kikombe, taratibu, utafikiri anaogopa kumwamsha. Akauona ule ukucha. Ni wa kidole cha shahada, ulipasuka katikati tangu usichana, na tangu hapo ukawa unaota vipande viwili vinavyoachana kama mabawa ya mdudu. "Bibi," Edina akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiki kidole kilifanywa nini? Nimekuwa mkwe wa mama miaka yote hii, sijathubutu kumuuliza." Nikamwambia, "Cherehani." Akangoja nimalizie. Sikumalizia. Maji yalikuwa yanapoa, na mimi nilikuwa nautazama mguu wake wa kulia chini ya shuka, nahakikisha kwamba umetulia.

Sasa matanga yameanuliwa na mimi nimerudi kwa mjukuu wangu Neema, ninakoishi siku hizi hapa Mpanda, mtaa wa pili tu kutoka pale msibani. Edina alistahili jibu refu kuliko lile neno moja. Jibu lenyewe ni mwaka mmoja, ule nilioukaa Karema, ziwani. Kwa nini nilitolewa kwetu Mamba nikapelekwa huko, na nani alisema nini nyumbani, hayo siyo ya leo. Ya leo ni chumba kimoja, wasichana wawili, na mwezi.

Chumba kilikuwa cha Mama Agripina, mjane, fundi wa nguo. Kilikuwa na dirisha moja nalo lilitazama ziwa, na chini ya dirisha ilikaa cherehani, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita kila siku. Mama Agripina aliipa jina. Aliiita Bwana. "Huyu ndiye mume wangu wa pili," alituambia siku ya kwanza, huku anaipaka mafuta kwa unyoya wa kuku. "Hanywi pombe, hanipigi, na akipiga kelele najua ni njaa ya mafuta tu." Chumba kilinuka hayo mafuta, na vitambaa vipya, na juu ya vyote kilinuka dagaa, maana Karema yote ilinuka dagaa, hata misale ya kanisani. Nilipofika nilitapika. Baadaye nilirudi kwetu mpunga umekomaa, nikasimama kwenye jaruba nikavuta hewa, nikahisi kuna kitu kimepungua duniani.

Hatukupewa uzi. Hilo ndilo watu wasioshona hawalijui. Mwanafunzi anapewa karatasi. Mama Agripina alikuwa na karatasi za mifuko ya saruji, anazikung'uta vumbi, anachora mstari kwa mkaa, na wewe unakaa unakanyaga pedeli, sindano tupu inatoboa karatasi, vitundu vifuate mkaa. Kwanza mstari ulionyooka. Halafu unaopinda kama nyoka. Halafu kona. Halafu duara. Macho yanaelewa siku hiyo hiyo, ila macho hayashoni. Anayeshona ni mguu. Kisigino, vidole, kisigino, vidole, na ukichanganya kidogo tu gurudumu linazunguka kinyumenyume, na kama ungekuwa na uzi ungekatika. Gurudumu likirudi nyuma, Mama Agripina hatukani. Anafyonza tu, anasema, "Haya, unarudi Mamba." Kwa Felista alisema, "Haya, unarudi ziwani." Tulicheka wote. Felista alicheka kuliko mimi. Sijui kama alikuwa anacheka kweli.

Saa za mchana kulikuwa na sheria. Tukishakula, ugali wa muhogo na samaki mmoja wa mgebuka tunayegawana, kichwa cha fundi, Mama Agripina anaifunika cherehani kwa shuka jeupe kama maiti, anatandika mikeka, anasema, "Bwana amelala. Nyie nanyi laleni, msije mkamwamsha." Alifundishwa hivyo na fundi wa Kigoma, kwamba chuma kikifanya kazi kutwa bila kupoa kinaharibu mishono. Kwa hiyo sheria ilikuwa ya chuma. Sisi tulilala kwa heshima ya cherehani. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mambo yote yaliyotokea yalipita hapo.

Siku moja nilishindwa kona asubuhi nzima. Nilikuwa nafika kwenye kona, mguu unasita, mkono unachelewa, sindano inachana karatasi. Mama Agripina akaninyang'anya. Tukala, tukalala. Nilipoamka nilikaa kwenye kiti bado nina alama za mkeka shavuni, nikakanyaga, nikaifikia kona nikaikata kama kisu kinavyokata sabuni. Nikaikata tena. Nikageuka nyuma kutazama kama kuna mtu aliyenishika mkono. Felista alikuwa amekaa ukutani amekunja magoti, ananitazama kwa macho makubwa. "Skola," akasema, "ulipokuwa umelala mguu wako ulikuwa unakanyaga." Nikamwambia aache uongo. "Haki ya Mungu. Kisigino, vidole. Nilidhani umeamka. Nikakutikisa, wapi." Mama Agripina akasema mlangoni, "Hata mimi nimemwona. Mtoto anashona huku anakoroma." Wakacheka. Mimi niliogopa kulala kesho yake. Fikiria, kuna mtu ndani yako anayeamka wewe ukilala, anakwenda kukalia kiti chako, anajifunza, halafu anakuachia kazi mkononi bila kukusalimu. Mpaka leo, kila nikishika kitambaa, najua siyo mimi niliyejifunza. Ni yule.

Felista alikuwa mwenyeji wa pale pale, analelewa na shangazi yake Paskazia, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mitumbwi, mnunuzi wa dagaa. Kwa wasiokaa ziwani nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haifai kitu mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo wakati wa mwezi wavuvi wanakaa kijijini, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao. Mwezi ukifa, wenyewe wanasema giza limeingia, mitumbwi yote inatoka na karabai, na ukiwa ufukoni unaona kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hapo wanawake wote wanashuka pwani kungoja, maana hakuna anayejua chombo kipi kitarudi mapema, na aliyelala anakuta wenzake wameshabeba. Kukipambazuka dagaa wanaanikwa mchangani, mchana wanageuzwa, na muda wote mtu afukuze kunguru. Felista alifanya hayo yote. Wakati wa giza alikuwa anakuja kwetu asubuhi moja kwa moja kutoka pwani, magamba yanang'aa mikononi mwake kama amevaa nguo ya harusi, na ugali ukishaliwa tu Shangazi Paskazia anapiga kelele kutoka chini, "We Felista! Dagaa hawajigeuzi wenyewe!" Anaondoka mbio. Mimi na Mama Agripina na Bwana tunalala.

Wakati wa mwezi alikuwa mtu mwingine. Usiku alilala kwao, mchana alilala mkekani pamoja na mimi, na safari hii ni mimi niliyeuona mguu wake ukikanyaga usingizini, mwepesi kuliko wangu. Alivuka nyoka na kona na duara kwa siku chache. Alipewa uzi kabla yangu. Mshono wake ulikuwa umenyooka mpaka Mama Agripina akauweka juu ya goti lake akawa anaupapasa kwa dole gumba. Kama tungeachwa hivyo, mimi ningekuwa msaidizi wa Felista. Nilijua, naye alijua, na hakuwahi kunitania kwa hilo. Alikuwa na neno moja tu. Tulikuwa tunachota maji kwenye mtungi, akasema, "Skola, mimi nataka kukaa kwenye kiti." Nikamuuliza kiti gani. "Kiti chochote. Shangazi hakai. Wanawake wote wa pwani hawakai, wanainama mpaka wanazikwa. Fundi anakaa, na watu wanakuja alipo."

Halafu giza likaingia tena, na Felista akarudi sifuri. Sikosei neno. Mtu aliyeshona mfuko wa shati juzi alikuwa hawezi kuzungusha gurudumu mbele. Alikuwa anautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Mwezi ukaja, mkono ukarudi. Giza likaja, mkono ukaondoka. Jambo likienda hivyo mara moja ni bahati mbaya. Likienda na kurudi kama maji, watu wanaanza kulitafutia mwenyewe.

Nililisikia likitafutiwa mwenyewe. Ilikuwa mchana, mimi niko mkekani, na nje chini ya dirisha wamekaa Mama Agripina, Shangazi Paskazia na jirani mmoja, Mama Oliva, wanachambua maharage. Nilikuwa macho, ila niliziba macho kwa kanga.

"Mtoto wako ana mkono kuliko huyu wa Mamba," Mama Agripina alisema. "Ila mkono wenyewe una siku zake."

"Siku gani?" Paskazia akauliza.

"Wakati wa mbalamwezi anashona hata mimi namwonea wivu. Giza likiingia ni kama sijawahi kumfundisha."

Maharage yakanyamaza kudondoka kwenye sinia. Halafu Mama Oliva akasema, "Basi huyo ana mtu."

"Ana mtu wa wapi, mtoto wa juzi?" Paskazia akashangaa.

"Wa ziwani. Anayemjia mwezi ukifa. Anachukua mkono wake anakwenda kuutumia huko chini."

"Mungu wangu wee," Paskazia akasema, na nikasikia anajipiga paja. "Ndiyo maana! Juzi kasinzia kasimama, beseni la dagaa liko kichwani! Nikamwita, hasikii. Macho wazi kabisa, hasikii!"

"Eeeh!" wakaitikia wote wawili. "Unaona?"

Nimeyarudia maneno hayo miaka yote kichwani, na bado yananishangaza yalivyo. Kasinzia kasimama. Lilikuwa pale, kwenye sinia, katikati ya maharage, na wanawake watatu wenye akili zao walilitazama wakaona jini. Lakini ningekuwa mimi ningeona nini? Karema nzima ilikesha wakati wa giza, Paskazia alikesha, Mama Oliva alikesha, na wao mikono yao ilifanya kazi kama kawaida, kwa sababu hawakuwa wanajifunza kitu. Walikuwa wanafanya walichokijua tangu utotoni. Kazi uliyoizoea unaweza kuifanya umekufa nusu. Ila kazi mpya inataka upite usingizini kuichukua, na Felista kila akifika mlangoni pa usingizi shangazi yake alikuwa anamwita akageuze dagaa.

Ikafika habari ya Komunyo ya Kwanza. Wasichana wa Karema walihitaji gauni nyeupe, na Mama Agripina alikuwa na cherehani ya pili, ya marehemu dada yake, iliyokuwa inakuja na meli kutoka Kigoma. Akasema wazi mbele ya Paskazia, kila mmoja wetu atashona gauni moja peke yake, mkono wake tu, na atakayeweza atakalia hiyo ya pili, atakaa kwake kama fundi. Asiyeweza arudi alikotoka. Mimi kurudi Mamba haikuwa balaa, kulikuwa na mpunga na watu wangu. Felista kurudi alikotoka ilikuwa ni kuteremka yale mawe mpaka mchangani na kubaki huko ameinama. Na siku ya gauni ilipangwa na kanisa, haikupangwa na mwezi. Iliangukia gizani.

Aliona mapema kuliko mtu yeyote. Jioni moja alinionyesha angani, "Tazama, umebaki kama ukucha." Tangu hapo alianza kufanya haraka, anakanyaga hewa akitembea, anakanyaga akila, anakanyaga kanisani mpaka Shangazi Paskazia akamfinya. Siku yenyewe aliingia macho mekundu, nywele zina mchanga, akanawa mikono mara mbili ili asichafue kitambaa. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa mezani kama kitu cha altareni. Paskazia na Mama Oliva walikuwa wamekuja kutazama, wamesimama mlangoni. Felista akashika mgongo wa kiti, hakukaa. Akasema taratibu, "Mama, naomba tungoje mwezi."

Wale wawili wakatazamana. Amesema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kanisa halingoji mwezi, mama," Mama Agripina akamjibu, kwa upole kabisa. "Kaa. Anza na mkono wa gauni, ndio rahisi."

Akakaa. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga uzi upya. Likarudi nyuma tena. Mama Agripina hakusema anarudi wapi. Mara ya tatu likakubali, likaenda mbele, likaenda mbele vizuri mpaka nikaanza kupumua, mshono unashuka, naye anautazama, na kope zake zikashuka pamoja na mshono. Sikusikia amepiga kelele. Nilisikia sindano imebadilisha sauti. Ilikuwa imepita kwenye ukucha ikatokea chini ikaendelea kushona, maana mguu haukusimama. Nasema kweli, mguu uliendelea. Kisigino, vidole, sawasawa kabisa, kama ulivyokuwa ukienda mkekani wakati wa mbalamwezi. Alikuwa amelala. Ilikuwa ni usingizi wenyewe unashona, ila safari hii ulikuta sindano na uzi na kidole.

Wakamtoa. Damu ilikuwa imechora kwenye kile kitambaa duara dogo zuri kuliko duara lolote tulilowahi kushona kwenye karatasi. Mama Oliva akasema, "Mmeona alivyotaka kumchukua?" Jioni ile ile walimpeleka kwa bibi mmoja wa milimani, anayejua mambo ya ziwa, na alirudi amenyolewa, ana uzi mweusi kwenye kifundo, na ana miiko. Asishike sindano maisha yake. Asikalie kiti cha fundi. Giza likiingia asiguse chuma chenye ncha. Akifuata hayo, mwenyewe wa ziwani atamwacha akae na watu. Nilimuuliza kama anaamini. Akanitazama kama nimemuuliza kama anaamini mvua. "Skola, wewe ulikuwepo. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wapi?"

Gauni nilishona mimi. Cherehani ya pili ilikuja, na kiti chake, nikakikalia. Asubuhi moja nilikikuta kina joto kama kimetoka kukaliwa, na chumba kimefungwa tangu jana. Sikumwambia mtu. Wakati wa mbalamwezi Felista alikuwa anapita chini ya dirisha, anasimama kunisalimia, tunataniana kidogo juu ya vijana wa mitumbwi, na nikitazama chini nauona mguu wake wa kulia unakanyaga mchanga, yeye hana habari. Nilikaa Karema mpaka mwaka ulipoisha, nikarudi kwetu na ufundi, nikawashonea watu wa Mamba na Usevya mpaka macho yakachoka. Felista aliolewa kule kule, akazaa, akazika mume, akaanika dagaa. Mashati ya mwanawe yalifungwa kwa pini alizoweka jirani, kwa sababu mama yake hakuweza kurudishia kifungo.

Ningekufa na habari hii ikiwa hivyo, jini na mwezi, kama siyo Neema. Mjukuu wangu huyu anafanya kazi ya kuoka mikate hapa mjini, anaingia jioni anatoka alfajiri. Mwaka jana akaniambia, "Bibi, nifundishe cherehani, tanuri litanizeesha." Nikafurahi. Nikamtafutia karatasi, nikamchorea mkaa. Anarudi kazini asubuhi, anakunywa chai, anakaa kwenye kiti, hataki kulala kwanza, anasema akilala hataamka. Gurudumu likarudi nyuma. Kesho yake likarudi nyuma vile vile, kama jana haikuwepo. Siku nyingi zikapita hivyo, mpaka nikaanza kumwogopa. Nilikuwa nautazama mguu wake nasikia sauti ya Mama Oliva. Nikafikiri, yule wa ziwani alinifuata. Amevuka huko kote, amenikuta Mpanda, amemshika mtoto wangu.

Halafu tanuri likabomoka, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani likijengwa. Neema akalala. Alilala kama mgonjwa, usiku na mchana tena baada ya kula. Akaamka, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mstari, akapinda nyoka, akakata kona. "Bibi, kumbe ni rahisi!" Anacheka. Mimi nilishika ukuta nikatoka nje. Jua lilikuwa limeshazama. Nikatazama juu, upande huu, upande ule. Nyota tupu. Mwezi hakuna. Lilikuwa giza lenyewe, giza la dagaa, na mtoto ndani anashona. Baadaye tanuri likapona, akarudi kazini, na nilingoja mpaka mbalamwezi imejaa kama sinia, na asubuhi yake Neema akakaa kwenye kiti akifundishwa kutia zipu, na gurudumu likarudi nyuma. Nikamwambia, "Inuka, nenda ukalale." Akasema, "Bibi umekasirika?" Sikuwa nimekasirika naye. Mwezi haukuwa na kosa. Miaka yote ile, mwezi haukuwa na kosa.

Felista alikuwa ameshaletwa hapa mjini kwa mwanawe, miguu imevimba, figo. Nilipanda bajaji nikamkuta kitandani, Edina amemwekea mito.

"Umezeeka vibaya, Skola," akasema.

"Na wewe meno umeyaacha Karema?"

"Dagaa hawataki meno." Tukacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Kaa basi. Kaa kwenye kiti, fundi."

Nikakaa. Nikamweleza yote, Neema, mikate, karatasi, tanuri. Nilidhani nimemletea zawadi. Alisikiliza akipapasa ule ukucha. Nilipomaliza, nje Edina alikuwa anapuliza moto.

"Kwa hiyo nilikuwa na usingizi," akasema.

"Ulikuwa na usingizi."

"Tu?"

"Tu, mwenzangu."

Akageuza uso ukutani. "Yule wa ziwani nilimzoea," akasema. "Nilikuwa nikiinama pale mchangani najiambia, katika wasichana wote wa Karema, huyu alinitaka mimi. Aliniona. Sasa umekuja kuniambia hakukuwa na mtu aliyeniona. Shangazi hakuniona. Mama Agripina hakuniona. Nilisinzia nimesimama mbele yao, hakuna aliyeniona."

Nikamwambia cherehani iko kwa Neema, siyo mbali, naweza kuileta kesho kwa bajaji, aikanyage hata kwa mguu uliovimba, hata kwenye karatasi.

"Usilete," akasema. "Usiniletee hicho chuma hapa." Halafu, kwa sauti ndogo ya yule msichana wa mtungini, "Nimechoka, Skola. Naomba nilale."

Nikamfunika. Ilikuwa mchana, baada ya kula, saa za Bwana. Alipumua kwa shida, halafu kwa raha. Nilikuwa najiandaa kuondoka nilipoona shuka linatikisika huko chini. Nikainua pindo kidogo. Mguu wa kulia, ule uliovimba mpaka vidole vimezama, ulikuwa unakwenda. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Pole pole, bila kusita, mbele tu. Ulifika mahali ukatulia, kama anayeinua kitambaa kwenye kona, halafu ukaendelea upande mwingine.

Edina akaingia na bakuli la uji. "Mama," akaanza kuita, "amka unywe ukiwa wa moto."

Nikamshika mkono. "Mwache," nikamwambia. "Usimwite."